Masika ya Kukata Matunda

4 Machi
Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali ameniambia niandike kila siku Mama amefanya nini kwa mkono wake wa kulia, ili nikirudi mwezi ujao nimwoneshe. Sina daftari jingine ila hili la vipimo vya wateja, kwa hiyo Mama atakaa katikati ya viuno na mabega ya watu wa Kabanga.

Mama yangu, Bonifasia, ana miaka sitini na nane. Kiharusi kilimpata Januari akipalilia maharage nyumbani kwetu Nyakisasa. Mguu umerudi, anatembea kwa fimbo. Maneno yamerudi, pengine zaidi ya yale yaliyoondoka. Mkono wa kulia haujarudi. Umelala mapajani kama kitu cha jirani alichoombwa akishike. Tangu atoke wodini anaishi nami hapa Kabanga, katika vyumba viwili nyuma ya kibanda changu cha cherehani. Kitanda anacholalia ni cha binti yangu Consolatha, ambaye yuko shule ya bweni.

Leo nimempa mpira wa soksi aubane mara ishirini. Amebana mara tatu, akaniuliza ni lini nimemwandikisha chekechea.

5 Machi
Mvua. Amebana mara mbili.

6 Machi
Hakubana. Amesali rozari nzima kwa mkono wa kushoto huku akinitazama kwa jicho la mtu aliyeshinda kesi.

9 Machi
Mdogo wangu Elick amepiga simu kutoka Biharamulo. Ni makamu mkuu wa shule huko, na huongea na kila mtu kama vile amesimama mstarini asubuhi. Ameshaamua. Masika ikiisha, kama Mama hawezi kuvaa na kupika mwenyewe, atahamia kwake Biharamulo moja kwa moja, na nyumba ya Nyakisasa itatafutiwa mtu wa kukaa humo na kulima shamba. Nikamwambia nyumba ile ina mwenyewe. Akasema mwenyewe ana mkono mmoja.

Simu yangu ina sauti kubwa. Mama alikuwa nyuma yangu, amesikia yote.

11 Machi
Mara moja.

14 Machi
Nimefunga kibanda nikaenda Nyakisasa kumchukulia Mama sweta na shuka nzito. Barabara imekuwa uji. Kutoka njia panda nimetembea na viatu mkononi.

Nyumba iko salama. Jirani anafagia uwanja, kuku wanataga wanapotaka. Sweta zilikuwa kwenye sanduku la Baba, na chini ya sweta, ndani ya soksi, pamoja na miwani yake, nikaikuta simu.

Nilikaa kitandani nayo nikasahau gari.

Niliinunua mwaka 2013 kwa kazi yangu ya kwanza ya kushona sare za shule moja kule Kibimba. Ilikuwa simu ya kwanza ya kugusa kuingia katika nyumba yetu, na nadhani katika kitongoji chote. Kabla yake tulikuwa na simu ya tochi yenye gemu la nyoka, na tulidhani nyoka yule ndiye mwisho wa akili ya binadamu. Hii ilikuja na matunda. Matikiti, machungwa, ndizi na nanasi yanarushwa juu kutoka chini ya kioo, nawe unayakata kwa kidole kabla hayajaanguka. Ukiacha matatu yaanguke, umekufa. Ukigusa bomu, umekufa papo hapo. Hakuna lingine. Gemu hilo halikuhitaji bando wala halikukuuliza jina lako.

Umeme haukuwa umefika. Simu ilipelekwa senta kuchajiwa kwa sola, na ikirudi imejaa, jioni tulikaa wote kwenye mkeka. Sheria ilikuwa moja: ukifa, unampa aliye kulia kwako. Elick alikuwa likizo ya chuo, akifa anadai kidole kilikuwa na jasho. Baba aliishika simu mbali na uso kama barua kutoka wilayani. Mama alikaa mlangoni akichambua maharage, ametupa kisogo. Alikuwa mwenyekiti wa kina mama wa kigango, na alishasimama kanisani wakati wa matangazo akasema simu za michezo zinawaibia watoto jembe na rozari.

Halafu siku moja tukakuta kwenye kona ya kioo rekodi mpya: 487. Mimi sijawahi kuvuka mia tatu. Tukauliza ni nani. Baba akasema, "Mimi." Basi akawa mtu mashuhuri. Watu walikuja kutoka ng'ambo ya bonde kuitazama namba ile. Baba hakuwahi kukubali kucheza mbele yao, alisema vidole vinamuuma. Alifariki mwaka 2019 na rekodi haijavunjwa.

Simu haiwaki. Nimekuja nayo.

16 Machi
Nimempelekea Nzeyimana, fundi simu wa kibanda cha pili kutoka changu. Mimi namwita fundi, naye ananiita fundi, mteja akiita "fundi" tunatoka wote wawili. Anavuka kutoka upande wa Burundi kila asubuhi na kunisalimia "Mwaramutse" kabla hajafungua kufuli lake.

Aliifungua simu. Betri imevimba kama andazi. Akasema betri za namna hii hazitengenezwi tena, kisha akaigeuzageuza, akaniuliza kwa sauti ya chini kama matunda bado yamo. Nikasema sijui. Akasema niiache.

19 Machi
Imewaka. Nzeyimana ameiunganishia betri ya simu nyingine kwa nje, akaifunga kwa mpira na utepe. Simu inaonekana kama imebeba mtoto mgongoni. Matunda yamo. 487 ipo.

Nimemwonesha Mama. Ameitazama muda mrefu, akasema nimwondolee upuuzi huo mbele yake.

20 Machi
Saa sita nimeingia kuchukua uzi, nikamkuta Mama ameinama mezani anakata matunda kwa mkono wa kushoto. Alama 88. Alivyoniona aliifunika simu kwa khanga, lakini simu ikaendelea kulia.

Nimempa sharti. Simu ni yake mchana kutwa, ila kwa mkono wa kulia tu. Akaniita mkoloni.

21 Machi
Mkono wa kulia: 0. 0. 2. 0.

22 Machi
2. 2. 5. Anauburuta mkono wote kutoka begani, kidole kimekufa. Lakini nimehesabu: amenyoosha mkono mara arobaini na moja. Soksi ilikuwa mara tatu.

25 Machi
Mvua imenyesha tangu alfajiri na hakuna mteja hata mmoja. Nimetia vifungo mashati sita ya kwaya. Mama: 9.

31 Machi, Pasaka
19. Tumekula kuku. Mama amesema kumi na tisa siyo mchezo, Yesu mwenyewe alianza na kumi na wawili.

6 Aprili
Hospitali. Mtaalamu wa mazoezi amelisoma daftari lote, na vipimo vya kiuno pia, maana hakujua vinaishia wapi. Kisha akacheka mpaka akavua miwani. Alikuwa akicheza gemu hilohilo chini ya dawati chuoni. Ameomba aione simu, akacheza mara moja, akapata 140 na kuona haya. Ameuminya mkono wa Mama, akavuta kidole kimoja kimoja. Anasema tuendelee, ila aongeze kubana: vibanio vya nguo, vifungo, kumenya. Anasema kidole cha shahada kimeanza kusikia.

Njiani Mama ameniambia kijana yule ana vidole vya mwizi. Ilikuwa sifa.

10 Aprili
47. Na kibanio kimoja cha nguo.

12 Aprili
Leo nina mengi.

Mvua ilianza saa tatu asubuhi, ile ya kugonga bati mpaka husikii cherehani yako mwenyewe. Nikafunga mlango wa mbele nikaingia ndani kukaa na Mama. Alikuwa anacheza. Siku hizi ananyoosha kidole cha shahada na vingine vinajikunja pembeni, kama mtu anayemsuta mwenzake. Alikufa kwa bomu akiwa na 64. Hajawahi kufika hapo.

Nikapiga makofi. Halafu kwa kutaka kumchekesha nikasema bado safari ni ndefu, Baba huko aliko anamngoja na mia nne themanini na saba yake.

Mama akaiweka simu mezani.

"Baba yako hakuwahi kufika hapa nilipofika leo," akasema. "Hata kwa mkono huu mbovu nimempita."

Nikadhani kiharusi kimerudi kichwani. Nikamkumbusha rekodi. Akasema anaikumbuka kuliko mimi, kwa sababu ni yake.

Akanisimulia, na mvua ikamsaidia, maana alilazimika kuniinamia sikioni na sikuweza kumkatiza. Wiki tatu baada ya kuzikemea simu kanisani alibaki nyumbani peke yake akimenya ndizi. Sisi tulikuwa shambani. Simu ilikuwa mezani, ikapigwa. Akaishika ili inyamaze, akagusa asipopajua, matunda yakaanza kuruka. Alijiambia akate moja tu, aone Shetani anaona nini humo ndani. Alikata mpaka chaji ikaisha. Sisi tuliporudi tukagombana ni nani ameimaliza, yeye akaleta uji.

Kuanzia siku hiyo kila tulipoondoka alikaa chini. Saa nne hadi saa tano. Nakumbuka miezi ile chakula cha mchana kilikuwa kinachelewa, na tulidhani ni kuni mbichi.

"Alhamisi ile," akasema, "niliona kabisa kwamba mkono siyo wangu. Unakwenda wenyewe. Mia tatu, mia nne. Nikasikia harufu ya maharage yanaungua, nikasema acha yaungue. Bomu lilinikuta kwenye mia nne themanini na saba, na baba yako amesimama mlangoni na jembe."

Baba alichukua simu, ilikuwa ya moto, akaitazama namba, akairudisha mezani. Akakaa akala yale maharage yaliyoungua, sahani nzima. Jioni tulipouliza ni nani aliyeweka rekodi, Mama alikuwa mlangoni, ametupa kisogo. Ndipo Baba akasema, "Mimi."

Baba hakuwa mtu wa uongo. Aliwahi kumrudisha mnunuzi wa kahawa kutoka barabarani kumwambia mzani umempunja mnunuzi. Nikamuuliza Mama kama alijua kwa nini alifanya vile.

"Nilimuuliza. Alisema, wewe una kanisa zima la kulilinda. Mimi nina ng'ombe wawili tu, nao hawanisengenyi."

Akabeba sifa ile miaka sita. Watu walipokuja kutaka awafundishe alisema vidole vinamuuma, na Mama, mwenyekiti wa kina mama, alikuwa jikoni anawachemshia chai na kuuma khanga.

Nikamuuliza kama aliungama. Akasema ndiyo, aliungama uongo. Alama hakuzitaja.

Tumecheka mpaka jirani amegonga ukuta kuuliza kuna nini. Nikamtazama Mama na ile kope moja inayochelewa kufunguka. Mwanamke huyu nimemwogopa miaka thelathini na minane, na leo nimetamani kumjua zamani. Amenilisha kiapo kwamba Elick asijue.

13 Aprili
58. Ameamka mapema kuliko mimi.

15 Aprili
71. Amefunga vifungo viwili vya sweta. Vimekosea matundu, lakini vimefungwa.

18 Aprili
Kioo kimekufa. Matunda yanaruka lakini katikati ya kioo hapasikii kidole tena, ni kama pamekatwa na mto. Nzeyimana amekipuliza, amekifuta kwa spiriti, amekipasha kwenye jua la dakika kumi tulilolipata leo. Anasema tachi, kile kioo cha juu kinachosikia kidole, imekwisha na haiuzwi popote. Labda ipatikane simu pacha, ya mwaka uleule, tuivue kioo. Ametafuta kwenye droo yake ya simu zilizokufa na hakuna.

Mama amesema hakuna neno, kila kitu kina mwisho. Ameurudisha mkono mapajani.

20 Aprili
Nimempakulia gemu la matunda kwenye simu yangu mpya, kioo kikubwa, rangi zinameta. Amekata machungwa mawili, likatokea tangazo la mkopo. Akasubiri. Akakata nanasi, likatokea tangazo la mwanamke anayepaka mafuta. Akamwambia yule mwanamke apishe. Kisha simu ikamuuliza kama anataka kununua kisu cha dhahabu, halafu bando likaisha. Akanirudishia.

"Hili siyo gemu," akasema. "Hili ni gulio."

Mkono: hakuna.

22 Aprili
Hakuna.

23 Aprili
Hakuna. Elick amepiga kuuliza maendeleo, nikamweleza yote ya kioo. Akasema kumbe mwezi mzima nimemgeuza Mama kuwa mtoto wa kuchezeshwa gemu, na mwisho wa Mei atakuja na gari kumchukua. Nikamwambia anataka kumzika Mama sebuleni kwake kabla ya siku zake. Nilikuwa na mengine na nikayasema pia. Akakata. Sijutii.

24 Aprili
Najutia kidogo.

26 Aprili, Sikukuu ya Muungano
Saa saba na nusu mchana, mvua inanyesha, mtu amesukuma mlango wa kibanda akiwa amelowa mpaka kwenye mkanda. Viatu vyake vya ualimu vimekuwa matofali ya udongo. Elick. Alipanda gari la kwanza kutoka Biharamulo, likanasa kwenye tope mara mbili kabla ya Ngara.

Nilikuwa nimeshaandaa uso wa vita. Yeye akanipita, akaingia ndani, akapiga goti kidogo, "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu. Umelowa." Kisha akaingiza mkono kwenye koti akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso, na ndani yake mfuko wa nailoni, na ndani yake simu. Pacha kabisa, hata kona imechubuka palepale.

Sikuamini. Kwa miaka yote Elick alituambia michezo ya simu ni ya watu wasio na kazi. Sasa akasimama katikati ya chumba changu, maji yanamchuruzika, akaeleza kwamba aliinunua mwaka uleule wa 2013 kwa sababu alishindwa kuvumilia kungoja zamu. Imekaa kwenye dawati lake shuleni muda wote huu. Akisahihisha, kila madaftari kumi anajiruhusu mchezo mmoja. Walimu wenzake hawajui.

Tukaenda wote kwa Nzeyimana, Mama na fimbo yake katikati. Nzeyimana aliipima kioo kwa kioo, akasema itawezekana, lakini akamtahadharisha Elick: ili kuitoa tachi ile itabidi apashe gundi moto, na simu inayovuliwa haitawaka tena. Kila kilichomo kitapotea.

Elick akaomba acheze mara ya mwisho. Alicheza amesimama, sisi watatu tukimtazama, na bomu likamkuta kwenye kumi na mbili. Alifuta kidole kwenye suruali kana kwamba bado ana jasho. Akamkabidhi Nzeyimana.

"Rekodi yangu ilikuwa mia tatu tisini na moja," akaniambia. "Iandike kwenye daftari lako, dada."

Nimeiandika: Elick, 391.

Kazi ilichukua saa nzima na ushee. Wateja wawili waliokuja walibaki kuangalia. Simu ya Baba ilipowaka, matunda yakaruka kutoka pembe hadi pembe na kidole kikasikika kila mahali. Elick akasema angalau rekodi ya Baba imepona. Mama akanitazama. Nikatazama dari.

Kisha Mama akacheza. Siku nane za kulaza mkono zilikuwa zimemrudisha nyuma, akapata 33 tu. Lakini Elick hakuwa anatazama alama. Alikuwa anatazama kidole cha shahada kinavyoinuka chenyewe, kinangoja, kinashuka. Mara ya mwisho alipouona mkono ule ulikuwa wodini. Akatoka nje, akasimama chini ya bati la kibaraza na kutugeuzia mgongo. Mgongo wa Elick naufahamu tangu nikiubeba.

Baadaye tulikwenda pamoja kununua sukari, na njiani akaniambia jambo ambalo sikulijua. Siku ile ya Januari, jirani alipomkuta Mama shambani, alimpigia Elick kwanza na kumwekea Mama simu sikioni. Mama hakuweza kusema. Elick alisikia pumzi tu, dakika mbili au tatu, akadhani anasikiliza za mwisho. Tangu siku hiyo simu yoyote ya kutoka Ngara anaipokea akiwa amesimama. Ndiyo maana anamtaka Biharamulo, chumba cha pili kutoka chake, amsikie akikohoa.

Nilimwomba radhi kwa yale maneno ya sebuleni. Akasema nilikuwa na haki nusu. Sikumuuliza nusu ipi.

28 Aprili
Elick amerudi kazini. Ameacha sharti lake palepale: kuvaa na kupika. Lakini safari hii alilisema kama mtu anayetaka ashindwe.

2 Mei
66. Vifungo vinne.

6 Mei
80. Amemenya ndizi moja kwa kisu. Ilikuwa kama imeng'atwa na mbwa.

9 Mei
Siku mbaya. Amepata 80, 80, 79, 80. Sufuria ya uji imemponyoka, imemwagika mpaka kwenye suti ya bwana harusi niliyoimaliza jana. Amekaa chini akalia, na sijawahi kumwona Mama akilia, hata siku ya Baba alilia akiwa amefunga mlango. Amesema niache kumdanganya, mkono uliokufa umekufa, nimpigie Elick aje na gari. Sikupiga. Nimefua suti.

10 Mei
Hakucheza. Nzeyimana amekuja kumsalimia, amemletea parachichi kutoka kwao. Hakutaja mkono wala simu. Aliketi, akasema ana swali la kiufundi: yale mabomu anayakwepaje, maana yeye miaka kumi na moja hajapita mia mbili hamsini. Mama akaanza kumweleza kwamba kosa la vijana ni kutazama matunda. Anayetaka kuishi hutazama mahali matunda yasipokuwepo. Ilibidi amwoneshe.

11 Mei
97.

15 Mei
Mvua zimepungua. Asubuhi ukungu, mchana jua. Amemenya ndizi nane. Amevaa peke yake, sketi, blauzi, sweta. Amechukua dakika ishirini na tano na kunikataza nisimwangalie.

19 Mei
Kanisani Kabanga. Wakati wa kupeana amani alimpa mkono wa kulia mzee aliyekaa mbele yetu. Mzee aliupokea kama mkono mwingine wowote na kugeukia wengine. Mama aliendelea kuutazama mkono wake mpaka komunyo.

25 Mei
Mtihani. Elick alitaka auone kwa video. Nimeegemeza simu yangu kwenye kopo la chumvi, na Mama akapika ndizi na maharage mwanzo hadi mwisho: kumenya, kuosha, kukata kitunguu, kukoroga, kuepua kwa mikono miwili. Elick alitazama dakika hamsini zote, mkewe alikuwa anapita nyuma anachungulia. Mama alipopakua, akainua sahani mbele ya kioo, akamwambia karibu chakula. Elick akasema, "Nitakuja Ijumaa nifyeke uwanja wako, Mama."

Maharage hayakuungua.

1 Juni, Nyakisasa
Naandikia humu ndani ya gari la Probox, wanangoja abiria wa mwisho, kwa hiyo mwandiko usamehewe.

Mama yuko nyumbani. Elick alifika tangu jana, amefyeka uwanja, ameziba bati lililokuwa linavuja juu ya kitanda. Jirani yule anayetufagilia uwanja atalala naye mwezi wa kwanza, na Elick atapiga kila asubuhi kabla ya paredi. Tumekubaliana hivyo bila kugombana, nusu kwa nusu.

Kina mama wa kigango walikuja saa nane, kumi na wawili, na vikapu vya maharage mapya. Aliyewaongoza ni Speciosa, mwenyekiti aliyempokea Mama kiti, mwanamke mnyoofu kama rula. Wakasali, wakaimba, wakakaa mkekani. Katika mazungumzo Speciosa akaiona ile simu dirishani na betri yake mgongoni, akamkumbuka marehemu Baba. Akasema mzee Anatoli alikuwa na vidole vya ajabu, mpaka leo watu wanaizungumzia ile mia nne na themanini.

"Na saba," Mama akasema. "Na haikuwa yake. Ni mimi."

Elick, aliyekuwa mlangoni na panga, akaliweka chini. Mama akawaeleza, kwa maneno machache kuliko aliyonipa mimi, ndizi, matangazo ya kanisani, maharage, na Baba aliyesema "Mimi". Akasema Baba amelala na sifa ambayo hakuitaka, na yeye hawezi kurudi katika nyumba hii akaanza upya akiwa amemwachia mzigo huo. Kisha akangoja hukumu.

Speciosa alikunja mikono, akamuuliza kama kuna ushahidi.

Mama akaniashiria nimpe simu. Akaiweka gotini, akanyoosha kidole cha mkono wa kulia mbele ya wote, akaanza. Hakukimbia, alikata taratibu, akiyaacha mabomu yapite kama mtu anayepisha ng'ombe njiani. Alipovuka mia wanawake walianza kuhesabu kwa sauti, bila kujua wanahesabu nini. Akafa kwenye 134. Siyo 487, lakini vigelegele vilivyopigwa vimewatoa watu majumbani mwao.

Elick alinishika bega akaniuliza kama nilijua. Nikasema nilikuwa nimeapa. Akasema miaka kumi na moja amekuwa akimfukuzia Baba na kumbe anamfukuzia huyu. Alikuwa anacheka na kufuta uso kwa mkono ule wenye majani.

Kisha Speciosa, kwa sauti ileile anayosomea matangazo, akauliza hilo tikiti linakatwaje. Mama akamwelekeza. Akakata moja, akagusa bomu, akapiga ukelele, na mwenzake wa kulia alikuwa ameshanyoosha mkono.

Honi ya gari imelia mara tatu. Nimeaga, nimebeba begi langu, nimefika hadi barabarani peke yangu. Kwetu mgeni hasindikizwi na upepo, na mimi ni mtoto wa nyumba ile, nimekaa na Mama miezi mitatu kitanda kwa kitanda. Lakini Mama hakunisindikiza. Alikuwa anangoja zamu yake.